Baridi Yabisi

Yapo maradhi yauayo, na yapo yale yamwachayo mtu hai huku yakimnyang'anya maisha yake kipande baada ya kipande. Maumivu ya viungo ni katika hayo ya pili. Mgonjwa wake hula, hucheka na huzungumza kama watu wengine, na kwa hiyo aghalabu hapewi huruma anayostahili. Mimi sikujua kuwa magoti ya shangazi yangu yameharibika mpaka siku nilipofika kwake Pangani nikamkuta anasali juu ya kiti. Mwanamke aliyekuwa akisujudu mara nyingi kwa siku tangu utoto wake, sasa alikuwa akiinamisha kichwa tu. Nilipomwamkia alijibu kwa furaha, akasema, "Baridi yabisi, mwanangu. Imenikataza kufika chini."

Dawa zake zilikuwa za jikoni. Kila jioni alitwanga tangawizi mbichi kinuni, akaichemsha katika mafuta ya nazi, akayachua magoti yake polepole mpaka ngozi ikapata moto. Kisha alivifunga viungo kwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto. Kabla ya kulala alikunywa maziwa yaliyotiwa manjano na pilipili manga kidogo. Nyama aliipunguza, kitoweo chake kilikuwa vibua na dagaa.

Wakati huo nilikuwa nimetoka chuoni karibuni, na elimu changa ina kiburi kama mali changa. Nilimweleza kuwa hata jina la ugonjwa wake ni kosa la watu wa kale. Maneno hayo mawili ni ya Kiarabu, na maana yake ni baridi na kavu. Waganga wa Kiyunani, na baada yao Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, walifundisha kuwa mwili hutawaliwa na rutuba nne, na kwamba maradhi ya baridi na ukavu huondolewa kwa vitu vya moto na unyevu. Ndiyo maana ya mafuta, ndiyo maana ya tangawizi. Nilisema kuwa mafundisho hayo yamepitwa na wakati, nikaenda duka la dawa, nikamnunulia vidonge vya kutuliza maumivu na uvimbe. Alivipokea kwa sababu aliniheshimu kuliko nilivyostahili.

Baada ya siku chache alikwenda sokoni kwa miguu yake. Nilijisifu. Katika wiki ya tatu alitapika damu.

Daktari aliyemtibu aliniuliza amekuwa akila dawa gani, na katika kumjibu nilisikia sauti yangu ikididimia. Alinieleza jambo ambalo John Vane wa Uingereza alilithibitisha mwaka 1971: vidonge vya namna hiyo huuzuia mwili usitengeneze prostaglandini, ambazo huleta uvimbe na maumivu katika kiungo kinachougua. Lakini baadhi ya prostaglandini hulinda ukuta wa tumbo usichomwe na asidi. Aliyezima moto gotini amebomoa boma tumboni. Shangazi yangu alikuwa na desturi ya kunywa chai kavu tu asubuhi, na kwa chai hiyo kavu alimeza vidonge vyangu.

Aliponiona kando ya kitanda chake hakunilaumu. Alisema tu, "Ulinipa dawa, mwanangu, lakini hukuniuliza kama nimekula."

Neno hilo lilinirudisha vitabuni kwa moyo mwingine, nikakuta aibu ya pili ikiningoja. Mwaka 1763 padri mmoja wa Uingereza, Edward Stone, aliwaandikia wataalamu wa London kuwa magome ya mti uitwao Salix kwa Kilatini, umeao kandokando ya maji, yaliwapa nafuu wagonjwa wa homa wapatao 50. Mwaka 1828 kiini cha magome hayo kilitengwa kikaitwa salisini. Mwaka 1876 tabibu wa Scotland, Thomas MacLagan, alitangaza kuwa kilituliza baridi yabisi. Na mwaka 1897 Felix Hoffmann, katika kiwanda cha Ujerumani, alitengeneza dawa iliyo safi ya jamii hiyo, ambayo dunia yote huiita aspirini. Basi dawa za ukoo ule nilioutumia kuidharau miti zilikuwa zenyewe na mti katika nasaba yao.

Hata maziwa ya manjano hayakuwa upuuzi niliodhani. Kiini cha manjano, kurkumini, ni kama sehemu 3 tu katika 100 za unga wake, na peke yake huingia katika damu kwa shida sana. Uchunguzi uliotolewa mwaka 1998 ulionyesha kuwa kiini cha pilipili manga hukisaidia kuingia kwa wingi zaidi. Sisemi kuwa shangazi yangu aliijua sababu, wala kuwa kikombe chake kilikuwa na nguvu ya kidonge. Majaribio ya manjano na tangawizi kwa wenye magoti mabovu yameonyesha nafuu ya kiasi, na mengi yao yalikuwa madogo. Hakuna kiungo cha mchuzi kinachorudisha gegedu iliyokwisha kulika.

Wala nisieleweke kuwa nimetoka katika kiburi kimoja nikaingia katika kingine. Yako maradhi ya viungo ambayo kinga ya mwili huwashambulia wenyeji wake badala ya adui. Vidole huvimba, asubuhi huwa vigumu kukunjika, na mfupa huliwa kimyakimya. Mwenye maradhi hayo akikaa kwa majani na mafuta mwaka mzima, huweza kupoteza mikono ambayo dawa za hospitali, zikianzwa mapema, zingeiokoa. Huyo naye huangamizwa na jirani anayemwambia kuwa cha asili hakidhuru.

Shangazi yangu aliishi miaka 6 baada ya hapo. Daktari alimkataza vidonge vile, akamwachia mafuta yake, samaki wake na kitambaa chake cha moto, akamwongezea zoezi la kunyoosha miguu akiwa kitini na kutembea kidogo kila asubuhi. Maumivu yalipungua, hayakwisha. Hakusujudu tena chini. Lakini alifika pwani kwa fimbo yake alipotaka, akachagua vibua mwenyewe. Mimi nilipomtembelea nilimwamkia, kisha kabla ya neno jingine lolote nilimwuliza amekula nini. Alicheka kila mara, naye alijua kwa nini nauliza.