Ua la mukuba na kosa letu

Tunataka kuungama jambo juu ya kashamba ketu kadogo nyuma ya darasa, pale pasipo mti wala kivuli.

Mwaka jana, wakati wa kiangazi, tulipanda kilima kimoja chenye mukuba, tukaokota mbegu za ua la shaba, lile dogo la zambarau. Wenye sayansi wanaliita Haumaniastrum katangense. Pale kilimani miti hakuna, shaba imeikataza, lakini ua hili linasimama tu juani. Tukasema: maskini, linateswa! Kwetu litapata raha.

Novemba, mvua ilipoanza, tukagawanya kashamba. Upande mmoja udongo mweusi, samadi ya mbuzi, na maji kila siku mvua ilipokosa. Upande wa pili, paka changarawe ya kijani tuliyotoa kilimani, juu mwalimu wa biolojia alitaka tulinganishe.

Kiisha majuma machache, miche ya upande mzuri ikaoza shingoni, ikalala. Tukawashitaki wadogo wa mwaka wa kwanza kwamba walimwaga maji ya sabuni. Wakaapa hapana. Hatukuwasikia, wakalima lupango mzima kwa azabu. Na kule kwenye changarawe, miche ilisimama!

Mwalimu akatueleza. Katika udongo wa kawaida mna ukungu unaoua miche ya ua hili. Shaba inaua ukungu, lakini ua linaivumilia. Njo sababu walimaji wananyunyizia nyanya dawa ya shaba. Basi, kilimani ua halikuteswa, lilikingwa. Aliyelitesa ni sisi, kwa samadi yetu.

Mwaka huu, mvua ilipokwisha, yakachanua bila kumwagiwa maji. Lakini tuliporudi kilimani tulikuta mashini. Nusu ya kilima imekwisha kuchimbwa. Hata Kalukuluku, ambako shaba yake iliyeyushwa Lubumbashi tangu 1911, leo ni shimo kubwa. Kumbe mbegu zilizo ndani ya bahasha yetu si mchezo tena.

Anayetaka kupanda atafute jua kali na changarawe ya shaba, aache samadi. Asipande mboga pale, na anawe mikono.

Nanyi wadogo wetu, mtusamehe. Novemba ijayo bahasha hiyo mtaifungua ninyi.