Ya Kutolea

Binamu yangu anayeishi Texas ana kadi nne za mkopo na hajawahi kulipia ada ya mwaka hata moja. Alinieleza hayo kwa ujumbe wa sauti wa dakika saba, nami nikausikiliza nikiwa nimekaa juu ya robota la khanga kwenye fremu ya mama, Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 2022, saa tisa alasiri, saa ambayo hata wapiga debe huishiwa sauti.

Kadi ya kwanza, alisema, anaitumia dukani kununua chakula, kwa sababu inamrudishia asilimia tatu. Ya pili ni ya mafuta ya gari. Ya tatu inarudisha asilimia mbili kwa kila kitu. Ya nne anaishikilia tu kwa sababu haimgharimu chochote. Kila mwezi analipa deni lote kabla ya tarehe, kwa hiyo riba haimgusi. Mwaka uliopita alirudishiwa zaidi ya dola 600. "Yaani ndugu yangu, nalipwa kwa kula," alisema, akacheka.

Mimi nina kadi moja ya benki, na kazi yake ni kutoa mshahara ukiingia. Kadi ya mkopo sijawahi kuishika. Lakini nilikuwa na simu, na wiki ileile mtandao mmoja wa simu ulikuwa na promosheni: ukilipa dukani kwa lipa namba hukatwi chochote, na unarudishiwa asilimia tano. Mwisho shilingi 2,000 kwa muamala, miamala miwili kwa siku.

Kurudishiwa si jambo geni kwetu. Mwaka 2014 Tigo Pesa ilianza kuwagawia watumiaji wake faida iliyotokana na fedha zao zilizokaa benki. Nakumbuka ujumbe wa kwanza ulioingia kwenye simu yangu, shilingi mia na kitu, na jinsi nilivyouonyesha darasa zima kana kwamba nimeuza kiwanja. Na kabla ya simu kulikuwa na nyongeza. Ukinunua fungu la nyanya usiondoke hadi muuzaji aongeze mbili. Muuzaji asiyeongeza, kesho unampita.

Kwa hiyo nilikaa pale juu ya robota, nikapiga hesabu. Nusu ya siku nilikuwa namshikia mama fremu, yeye akienda kufuata mzigo au kuandaa futari. Wateja wengi walilipa taslimu. Kumpa wakala pesa akuwekee kwenye simu ni bure. Basi, mteja akinipa shilingi 40,000 mkononi, nampelekea kijana wa uwakala aliyekaa chini ya mwavuli hatua kumi kutoka kwetu, ananiwekea, kisha nalipa lipa namba ya mama kutoka kwenye simu yangu. Mama kapata pesa yake yote, mimi nimerudishiwa 2,000. Mara mbili kwa siku. Mauzo ya 80,000 nilikuwa nayakata vipande viwili ili nisipoteze hata senti ya asilimia tano yangu. Nilijiona mjanja. Nilimwandikia binamu: hata huku tunalipwa.

Siku ya nne mama alisema, "Siku hizi watu wote wanalipa kwa simu. Ndiyo maendeleo." Nikaitikia, nikaendelea kukunja madera.

Hapa inabidi nieleze mama anavyofanya biashara. Anachukua khanga na vitenge kwa tajiri wa jumla, Mtaa wa Uhuru, na kuuza kwa doti au kwa jora. Wateja wake wakubwa wanatoka kusini: Lindi, Masasi, Tunduru. Wengine anawapa mali kauli, yaani wanabeba mzigo kwa neno lao tu na kulipa wakishauza. Hakuna fomu wala riba, na dhamana ni jina lako. Kuna mama wa Masasi aliyebeba doti 11 akapotea miezi saba, kisha akatokea asubuhi moja na pesa yote na mfuko wa korosho juu yake. Lakini mama mwenyewe hachukui mali kauli kwa tajiri. Alishaacha miaka mingi. Anasema anayekopa hachagui: utapewa mzigo, ila utapewa uliobaki.

Ana kanuni nyingine, ambayo Mtanzania yeyote mwenye ndugu mkoani anaijua. Ukimtumia mtu pesa, tuma na ya kutolea. Bibi akihitaji 20,000 huko Rufiji, hutumi 20,000, kwa sababu wakala atamkata na bibi atabaki na pungufu. Unaongeza ile ya kukatwa. Asiyeongeza, kwa mama, hajatuma. Na mwaka ule jambo hili lilikuwa na uchungu wake, maana tozo ya serikali kwenye kutuma na kutoa pesa, iliyoanza Julai 2021 na kupunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo, ilikuwa bado ipo. Watu walikuwa wamerudia kutuma pesa kwenye bahasha kupitia makondakta wa mabasi.

Haya yote niliyajua. Sikuyaunganisha na nilichokuwa nakifanya.

Siku chache kabla ya Idd, tajiri alipokea khanga mpya. Mzigo wa mama ulikuwa wa 600,000, na siku hiyo ni wahi uchague. Alfajiri mama alifungua droo, akakuta 440,000. Zile 160,000 zilikuwa kwenye simu. Alikuwa ameacha kuzitoa siku mbili ili akatwe mara moja badala ya mara mbili. Alikwenda kwa wakala, mtandao unasumbua. Wa pili, mtandao upo, hana pesa taslimu. Tajiri naye, asubuhi ile yenye foleni, alitaka noti.

Mama alimwomba mali kauli ya 160,000. Tajiri hakusita hata kidogo. Alimpa, kwa heshima zote, zile khanga ambazo wenzake walikuwa wamezipita: rangi nzuri, ila zenye jina lisilovutia, na khanga isiyo na jina la kumrushia mtu dongo au kumbembeleza mtu haiuziki wiki ya Idd. Tulikaa nazo hadi mwezi wa nane.

Usiku ule, baada ya futari, nilimkuta mezani na daftari. Daftari lake lina safu tatu: mauzo, matumizi, madeni. Sasa ilikuwapo ya nne, imechorwa kwa rula: makato. Kila jioni aliyotoa pesa ya lipa namba alikuwa ameandika alichokatwa, 2,000 na kitu, 2,000 na kitu, ukurasa mzima. Chini yake jumla: 31,400. Aliniuliza kama nadhani awaombe wateja warudi kwenye taslimu au aongeze mia mbili kwenye kila doti.

Nilimwambia. Sikuwa na ujasiri wowote, ni kwamba niliona anakaribia kupandisha bei kwa sababu yangu.

Alinitazama. "Kwa hiyo wateja wangu wote wa simu ni wewe?"

"Wawili kwa siku, mama."

Alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akanyamaza, na ukimya ule ndio ulionitisha. Nikaanza kujitetea kwa hesabu, kama tulivyofundishwa: miamala 29, nimepata 58,000, yeye kakatwa 31,400, kwa hiyo nyumba nzima imepata 26,600.

"Imepata nyumba gani?" aliuliza. Nilikuwa nimevaa shingoni spika mpya za masikioni. "Mwanangu, wewe umerudishiwa na nani?"

"Kampuni."

"Na mimi nimekatwa na nani?"

Sikujibu. Akafunga daftari. "Mtu akinipa nyongeza, namwona anavyotoa kwenye fungu lake. Hii yako ilitoka kwenye fungu la nani, ukajua baadaye."

Nilirudi kwenye ule ujumbe wa dakika saba, nikaanza kusoma. Zile dola za binamu nazo zinatoka mahali. Mwenye duka huko Marekani akipokea malipo ya kadi ya mkopo hukatwa takriban asilimia mbili au zaidi, na sehemu ya makato hayo humrudia mwenye kadi kama zawadi. Sehemu nyingine ya gharama inabebwa na wanaoshindwa kumaliza deni mwisho wa mwezi, ambao riba yao mara nyingi huzidi asilimia 20 kwa mwaka. Mwenye duka hufidia kwa kupandisha bei, na bei ile hulipwa hata na aliyekuja na noti asiyerudishiwa chochote. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo mwaka 2015: ada inayokwenda kwa benki ya mwenye kadi isizidi asilimia 0.2 kwa kadi za kawaida na 0.3 kwa kadi za mkopo. Ada ikibanwa hivyo, pesa ya kugawa zawadi nayo hupungua.

Nilimtumia binamu maelezo hayo. Alijibu kwamba anajua, kwamba bei imeshapanda kwa kila mtu, na asipotumia kadi atakuwa anawalipia wenzake. Sina jibu la kumpinga. Anafanya sawasawa: hana ada, hana riba, anamaliza deni. Tofauti yetu ni kwamba mwenye duka wake hamjui, na wangu ndiye aliyenipikia futari.

Sijaacha kutafuta nafuu. Bado nalinganisha vifurushi, na bado nalipa kwa lipa namba. Ila kwenye fremu ndogo huwa nauliza kwanza, "Nikupe taslimu au kwa simu?" Wengi hushangaa, kisha huchagua taslimu.

Mshahara wangu wa mwezi wa tano ulipoingia nilimtumia mama zile 31,400, kamili, kama zilivyoandikwa kwenye daftari. Nilitarajia ujumbe wa dua. Baada ya dakika mbili alipiga, na nyuma yake nilisikia mteja akibishania bei ya doti.

"Nimeiona, ahsante," alisema. "Na ya kutolea iko wapi?"

Nikatuma.