Udugu wa Bwenini



Mwalimu wetu alipotuambia tuandike juu ya vyama vya udugu vya wanafunzi, wengi darasani walikimbilia Marekani. Ni kweli, huko viko vingi, na vina historia ndefu. Chama cha kwanza kilichojiita kwa herufi za Kigiriki, Phi Beta Kappa, kilianzishwa mwaka 1776 katika chuo cha William and Mary, jimbo la Virginia. Kilikuwa chama cha siri, chenye kiapo na namna yake ya kupeana mikono. Vyama vya jinsi hiyo vikaenea, vyuo vingi vikapata matawi, na kila tawi likawa na nyimbo na desturi zake za kuwapokea wageni. Mimi nilipendezwa zaidi na Alpha Phi Alpha, kilichoanzishwa mwaka 1906 na vijana saba weusi katika chuo kikuu cha Cornell. Siku zile mwanafunzi mweusi alikuwa mpweke kati ya wengi, nao walianza kwa kukutana tu ili wasome pamoja. Martin Luther King naye alikuja kuwa mwanachama.

Lakini sisi tuliozaliwa Rumonge, kando ya ziwa Tanganyika, hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Chama chetu ni bweni.

Aliyepata kulala katika bweni la shule ya misheni hahitaji kuelezwa. Usiku wa kwanza mgeni husimamishwa juu ya sanduku lake, akaimba wimbo wa kwao. Akikosea, anaanza tena. Huulizwa maswali yasiyo na majibu: ziwa lina samaki wangapi, na ni nani aliyewahesabu? Kisha hupewa jina. Mimi niliitwa Ndagala, kwa sababu nilikuja nimekonda kama samaki wale wadogo wanaoanikwa mchangani, na jina hilo limenishika hata waalimu wawili hunita kwalo. Kaka mmoja aliyemaliza zamani, ambaye siku hizi ni mganga, alipokuja kututembelea wenzake walimwita Kasuku mbele ya watu wote, naye akaitika bila kugeuka mara mbili. Nasema wazi kwamba jambo hili napenda. Jina la bwenini halikuulizi wewe ni mtoto wa nani.

Ziko na desturi nyingine ambazo sizipendi. Wiki ya kwanza nilimwagiwa maji ya baridi kila usiku wa manane. Sukari niliyopewa na mama ililiwa na wakubwa kabla sijaionja. Mwenzangu mmoja alipigwa kwa ndara mpaka akapata homa, akarudishwa kwao, wala hakuja tena. Kwa Kirundi mambo haya huitwa kunyuzura. Wenye kupenda Kifaransa huyaita ubatizo. Neno hili la pili lilikuja pamoja na Wabelgiji. Katika vyuo vikuu vya Ubelgiji mwanafunzi mpya huitwa bleu, yaani wa rangi ya samawati, naye hana heshima mpaka abatizwe na wakubwa. Chuo kikuu cha Lovanium kilipofunguliwa karibu na Léopoldville mwaka 1954, desturi hiyo ilipandwa huko, na kutoka vyuoni ikashuka mpaka shule za sekondari. Basi anayetetea ndoo za maji ya usiku kwa kusema ni mila ya wazee wetu, na aseme vizuri ni wazee wa nani.

Wazee wetu walikuwa na kuchanjiana. Watu wawili wasiokuwa wa ukoo mmoja walichanjwa ngozi kidogo, kila mmoja akaonja damu ya mwenzake, wakawa ndugu. Desturi hiyo ilijulikana huku kwetu Burundi, na pia katika njia zote za misafara. Hata Stanley alichanjiana na mtemi Mirambo mwaka 1876. Angalia tofauti. Katika kuchanjiana wote wawili walichanjwa. Hakuna aliyekaa juu ya kitanda akicheka na kumwangalia mwenzake akitoka damu.

Darasa letu ndilo la mwisho mwaka huu, na kwa hiyo ni juu yetu kuamua jinsi wageni wa mwaka ujao watakavyopokewa, maana desturi huachwa kwa wanaofuata kama funguo. Tumebishana majuma matatu. Rafiki yangu mmoja, kijana hodari katika mpira na katika maneno, alisema hivi: waliopata taabu pamoja hawaachani, ondoa taabu, na bweni litakuwa nyumba ya wageni tu. Wengi walimpigia makofi. Mimi nilimjibu kwa habari za babu yangu, nami naziandika hapa kwa ruhusa yake.

Babu, mzaa mama, alikuwa na miaka 15 mwaka 1972, naye alikuwa akisoma katika shule moja ya bweni. Shule yao ilikuwa na ubatizo mkali kupita wetu: wageni walitupwa ziwani usiku, hata wasiojua kuogelea, kisha wakavutwa kwa kamba. Wote walipita humo. Wote waliitana ndugu. Tarehe 29 Aprili mwaka ule waasi walianza kuua watu Rumonge na pwani yote ya kusini, na Watutsi wengi walikufa. Serikali ikajibu kwa mauaji makubwa zaidi, yaliyowakumba Wahutu mahali pote nchini, hasa waliosoma: waalimu, makarani, mapadri, wanafunzi. Wengi huwakadiria waliokufa kuwa kati ya laki moja na laki tatu. Katika shule nyingi majina yalisomwa, na waliosomwa hawakurudi.

Shuleni kwa babu yalisomwa asubuhi, wakiwa katika hesabu. Babu husema kwamba hakumbuki uso wa yule aliyeyasoma. Akumbukacho ni vichwa vya ndugu zake wa ziwani, jinsi vyote vilivyoinama juu ya madaftari. Jina lake halikusomwa siku ile. Usiku, kijana aliyelala kitanda cha pili, Mtutsi, alimtikisa, akampa sweta yake mwenyewe na kumwonyesha dirisha lisilofungwa. Hakusema neno. Babu akatelemka mpaka ziwani, akapata mtumbwi wa wavuvi, akafika Kigoma. Aliishi Tanzania miaka 36, na aliporudi mwaka 2008 shamba lake la michikichi lilikuwa na mtu mwingine, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine. Jina la yule kijana wa sweta analijua kwa jina la bwenini tu. Amemtafuta asimpate.

Basi nilimwuliza rafiki yangu: ile kamba ya ziwani iliwaunganisha kwa kitu gani? Alinyamaza kidogo, akasema kwamba wakati wa bunduki hakuna chama kinachoweza kitu. Nami kwa jambo hilo nilikuwa na jibu, kwa sababu iko shule nyingine, si mbali na sisi, juu milimani katika nchi ya Bururi.

Seminari ndogo ya Buta ilikuwa na wanafunzi wa makabila yote wakati vita vilipoenea baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993. Vijana walitoka likizo wakiwa wamebeba habari za vifo vya kwao, wengine wamepoteza ndugu kwa mkono wa watu wa kabila la jirani yao wa kitanda. Mkuu wa seminari, Padri Zacharie Bukuru, hakuwakataza kuyasema. Aliwakusanya, akawaacha waseme wazi juu ya hofu yao na juu ya mambo ya nchi, Mhutu mbele ya Mtutsi na Mtutsi mbele ya Mhutu. Wakacheza ngoma pamoja, wakaimba, wakasali, wakashindana michezo. Yeye mwenyewe aliyaandika baadaye katika kitabu chake juu ya vijana arobaini wa Buta. Nilipokisoma nilitazamia kuona mambo makubwa, lakini sehemu kubwa ni mazungumzo, mazungumzo, na tena mazungumzo, miaka mitatu na zaidi.

Tarehe 30 Aprili 1997, alfajiri, kundi kubwa la waasi wenye silaha liliingia seminarini. Waliwakuta vijana bwenini, wakawaamuru watengane: Wahutu huku, Watutsi kule. Hawakutengana. Waliamriwa tena, wakashikana. Wakapigwa risasi na kutupiwa mabomu ya mkono. Vijana arobaini wakafa, Wahutu na Watutsi. Mmoja wa waliojeruhiwa alijikokota mpaka kwa Padri Bukuru akamweleza kwamba waliambiwa watengane nao wamekataa, na alieleza kama mtu anayeleta habari ya ushindi.

Fikirini, wenzangu: ilikuwa miaka 25 na siku moja tangu ile Aprili ya Rumonge.

Mwaka jana darasa letu lilikwenda Buta kwa siku ya kumbukumbu. Barabara inapanda kutoka ziwani, joto linaachwa nyuma pamoja na michikichi, na baada ya muda unaomba koti. Makaburi yao yako hapo hapo seminarini. Nilisoma majina pole pole. Wengi walikuwa rika langu. Mambo mengi yaliyosemwa siku ile nimeyasahau, lakini jambo moja lilinisumbua njia nzima ya kurudi: wale vijana hawakuwa na nafasi ya kufanya shauri usiku ule. Hakuna aliyesema tupige kura. Shauri lilikuwa limekwisha kufanywa kidogo kidogo, katika mazungumzo yale.

Mwaka 2019, huko Gitega, Kanisa lilifungua kesi ya kuwatangaza watakatifu, pamoja na wengine liliowaita mashahidi wa udugu. Kati yao yumo Padri Michel Kayoya, mwandishi, aliyeuawa Mei 1972, na mapadri Ottorino Maule na Aldo Marchiol pamoja na Catina Gubert, waliouawa Buyengero mwaka 1995. Buyengero ni hapo tu juu ya Rumonge. Ndizi zake tunazila kila siku.

Tumefikia wapi, basi? Maji ya usiku na ndara tumevifuta kwa kura 31 dhidi ya 9. Wimbo juu ya sanduku umebaki, na maswali ya samaki, na majina. Rafiki yangu ameshinda katika jambo moja: wageni na sisi wakubwa tutakwenda pamoja kulima bustani ya shule Jumamosi tatu za kwanza, kwa kuwa yeye bado anaamini lazima watu watoke jasho. Nimekubali, maadamu jembe lake nitaliona. Tumeongeza pia saa moja ya Jumapili jioni ambapo mtu yeyote anaweza kusema linalomsumbua, wala halitoki nje ya bweni. Jumapili ya kwanza tulikaa dakika arobaini bila mtu kusema neno, ila mmoja aliyelalamikia maharagwe. Ya pili mvulana wa darasa la chini alisema kwamba hapendi kuulizwa jina la ukoo wa baba yake, na watu wakaanza kuzungumza mpaka kengele.

Kura haikupita juu ya daftari. Mimi nilitaka bweni liwe na daftari lenye majina ya utani ya wote waliolala humo, na jina la kweli kando yake. Wengine waliogopa kwamba orodha ya majina katika nchi hii si kitu cha kuchezea, na siwezi kusema wamekosea. Shauri hilo litarudi mwezi ujao.

Wakati huo huo, kaka zetu wa zamani, tunawaomba mtuandikie kwa mkono wa Mhariri. Tuelezeni mlivyopokewa, jina mlilopewa na sababu yake. Na ninyi mliokuwa shuleni mwaka 1972, pwani hii au mahali pengine, kama mnamkumbuka kijana aliyekuwa akiitwa Mwezi, mrefu, mwenye kovu juu ya nyusi ya kushoto, aliyekuwa na sweta ya kijani, nijulisheni. Yuko mzee Rumonge anayetaka kumrudishia.