Moshi wa Bluu

Ninyi wa mjini mkipishana na lori linalofuka moshi mnaziba pua, yamekwisha. Kwetu Ngorongo, Rufiji, moshi husomwa. Mweusi: dizeli haiungui yote. Mweupe na injini imeshapata moto: pengine maji yanaingia, pengine nozeli. Wa bluu ndio tuliuogopa, maana hiyo ni oili inaungua.

Isuzu ya mjomba ilikuwa na injini ya 6BD1, silinda sita. Ilishavuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003. Mwaka 2011 ikaanza moshi wa bluu, na msimu wa ufuta huo hapo. Ada yangu ya sekondari ilikuwa humo humo kwenye lori. Wakati huo ada ilikuwa bado haijafutwa. Mfukoni mjomba ana laki sita. Kubadilisha kila kitu, hazifiki hata nusu.

Dalali mmoja akaja na lake: "Tia oili nzito, moshi utapungua siku mbili tatu, uza."

Mjomba akamtazama. "Nimuuzie mwenzangu moshi? Kesho nitapita wapi, na barabara ni hii hii moja?"

Basi tukafungua injini chini ya mwembe. Fundi hakutaka kusikia habari ya spea kabla hajapima. Alitumbukiza ringi ndani ya silivu, akapima pengo lake juu, kisha chini. Akaniambia, "Kijana, shika hii: pengo likizidi milimita 0.3, tundu limepanuka kama milimita 0.1." Silivu nne zilikuwa bado zinafaa. Mbili, kwishney.

Halafu akashika bomba la hewa, akalipinda. Ufa! Vumbi lote la kiangazi lilikuwa likipita hapo bila kugusa chujio, likisaga ringi kama msasa. Bomba likawa la kwanza kwenye orodha. Ringi mpya na bomba bovu ni sawa na kumwaga hela.

Mjomba akapanda basi hadi Gerezani, Dar es Salaam. Alirudi na bomba, ringi za silinda zote, silivu mbili, beringi na gasketi. Valvu tulizisaga kwa mkono, mimi nikizungusha kijiti mpaka viganja vikatoka malengelenge. Silivu nne za zamani zilipigwa msasa kidogo ili ringi zikamate, zikaoshwa kwa sabuni. Nozeli zikaambiwa zisubiri.

Ilipowaka, moshi ulitoka, ukapungua, ukaisha. Fundi akaamuru nusu mzigo mpaka ringi zikae sawa. Wenye ufuta walinung'unika, wengine wakatafuta gari lingine. Mjomba hakuongeza hata gunia moja. Ada ilichelewa mwezi mzima, ila ililipwa.

Vijana wenzangu, hela kidogo haina nafasi ya kubahatisha. Pima kwanza.