Rimu ya Nne

Kondakta wa 46 alitazama rimu mbili nilizokuwa nimekumbatia akaniambia, "Boss, hizo zinalipa kama watu." Nikalipa. Kiti kimoja changu, kingine cha rimu, kutoka Kawangware hadi tao. Kesho yake nikarudia safari na zile mbili zilizobaki.

Zilikuwa rimu za Subaru ya mzee, Impreza WRX STi ya 1998. Ndizo zilizotoka nayo kiwandani: inchi 16, spoki sita, rangi ya dhahabu. Kwa miaka mingi zilikuwa zimelala stoo nyuma ya mitungi ya maji, gari ikitembelea rimu feki za fedha. Sasa mzee alikuwa anauza. Goti lake na ile klachi nzito haviskizani tena. Kijana mmoja wa Kinoo alikuwa ameshakubali bei, na akaahidi kuongeza elfu sitini gari ikija na rimu zake za kwanza, zikiwa safi. Mzee aliniambia nikizisimamia, ishirini ni zangu. Nilikuwa na deni la kodi ya miezi miwili. Sikuuliza mara mbili.

Elfu sitini kwa rimu ni pesa, lakini namwelewa. Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8, kwa hivyo Impreza za umri huo zilizoko hapa ni zile zilizoingia kitambo, na kila ajali inapunguza moja. Halafu kuna Safari. Colin McRae alishinda hapa 1997 na Impreza ya buluu, Richard Burns akashinda na nyingine mwaka 2000. Watoto wa Nairobi ambao hawakuwa wamezaliwa wanajua hiyo picha: buluu, vumbi, dhahabu.

Fundi wangu yuko Kirinyaga Road, ambayo watu bado wanaiita Grogan. Alizipanga chini, akaanza kuzigonga moja moja kwa mpini wa spana huku ameinamisha kichwa. Tatu zililia kama kengele. Ya nne ilitoa sauti fupi, kama sufuria iliyojaa. Hakusema kitu. Aliiweka kando.

Nilidhani kupaka rimu ni kupaka. Zii. Siku ya kwanza ilikuwa ya dawa ya kutoa rangi tu. Rangi ilijikunja kama utando wa maziwa: dhahabu ya juu, chini yake nyeusi, na chini kabisa dhahabu ya Japani. Mahali vile vyuma vya balansi vilikuwa vimegandishwa, alumini ilikuwa imeliwa, imebaki unga mweupe. Kisha msasa: 80, 180, 320. Matundu ya nati na uso wa nyuma unaokaa kwenye gari aliviziba kwa karatasi na gundi. "Hapa hatupaki," akasema. "Rangi ikikaa katikati, inasagika pole pole, nati zinalegea. Utaona tairi lako likikupita barabarani."

Siku ya tatu akaniita nione ile ya nne. Ndani ya pipa la rimu, upande ambao hakuna mtu huangalia, kulikuwa na mshono wa kuchomelea, urefu wa kidole. Kando yake, ufa mwembamba kama unywele, ukielekea kwenye spoki.

"Ilichomelewa na argon kitambo. Mkono mzuri," fundi akasema. "Ufa ungebaki pale kwa ukingo, ningerudia. Lakini huu umeanza kutembea." Akafuta mikono. "Nikijaza fila, nipige praima, hakuna mtu atajua. Ni wewe useme."

Nikampigia mzee. Nikamwambia kuna ufa. Alinyamaza, kisha akauliza, "Ni pale ndani, karibu na vali?"

Basi alikuwa anajua. Akanieleza kwa sauti ya chini. 2009, Waiyaki Way, usiku, shimo. Mathe aliambiwa ni pancha. Wiki iliyofuata gari ikaja na rimu mpya za fedha, na sisi watoto tukaambiwa hizi ndizo za kisasa. Huo usiku naukumbuka. Nilikuwa nimelala kiti cha nyuma, nikaamshwa na mlio.

"Mwambie apake tu," mzee akasema. "Imekaa miaka hiyo yote."

"Imekaa stoo, mzee."

"Wewe unataka hiyo pesa ama hutaki?"

Nilikuwa naitaka. Lakini nilikuwa nimeongea na yule kijana mara mbili, na mara zote mbili aliniambia vile ataiendesha hadi Naivasha, Safari ikifika. "Mimi ndiye nilikuwa nyuma," nikasema. Mzee akakata simu. Nikapiga ule ufa picha na kumtumia mnunuzi kabla sijafikiria tena ile kodi.

Siku mbili nilizunguka Grogan nikitafuta pacha wa rimu ya nne. Inatakiwa nati 5 kwenye duara la milimita 100. STi za kuanzia 2005 zilihamia 114.3, haziingii. Rimu za Forester za zamani zinaingia, lakini sura ni nyingine. Sikupata. Kijana akasema atachukua zile tatu kwa elfu thelathini, ya nne atajitafutia Japani.

Alikuja Jumamosi. Mzee hakuwa ameniongelesha tangu ile simu. Alimwonyesha injini, vitabu, funguo ya ziada. Tukapakia rimu tatu kwenye buti, zimefungwa blanketi. Kijana alipokuwa anataka kuwasha, mzee akashika dirisha.

"Hiyo gari iligonga shimo 2009," akasema. "Nilikuwa nashindana na mtu. Mia moja na arobaini. Huyu alikuwa amelala nyuma."

Kijana aliniangalia. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Ile namba sikuwa nimewahi kuisikia.

Mgao wangu ulikuwa elfu kumi, na landlord bado ananidai. Rimu ya nne iko kwangu, Kangemi, imelala ukutani bila rangi. Mzee alinitembelea juzi mara ya kwanza tangu nihame. Aliinama na goti lake bovu, akapitisha kidole kwenye ule mshono, akauliza kama nina chai.