Beti Mia na Hamsini

Mtu mzima mwenye mvi akionekana alfajiri katika barabara ya Bububu, amejikunja juu ya baiskeli nyembamba, kaptura imembana na kofia ngumu imemkaa kichwani kama kifuu, waja hawakosi la kusema. Mmoja atauliza kama gari lake limeibiwa. Wa pili atajibu kuwa hana gari la kuibiwa, bali vitabu vimemzidi. Mimi nilisemwa yote mawili, na mengine ambayo mhariri wa jarida hili hatayapitisha. Kwa muda wa miaka minne sikumjibu mtu. Nadhani sasa jibu limeiva.

Mchezo wenyewe huitwa trayathloni. Mtu huogelea, kisha hupanda baiskeli, kisha hukimbia, bila ya kituo katikati, na saa haisimami hata anapofunga kamba za viatu. Ile ndefu, ambayo ndiyo ninayoisimulia, ina kilomita 3.8 za maji, kilomita 180 za baiskeli na kilomita 42.2 za miguu. Kisiwa chetu cha Unguja kina urefu wa kilomita 85 hivi. Basi baiskeli peke yake ni sawa na kutoka ncha ya kaskazini hadi ya kusini, kurudi, na bado ukadaiwa safari ya kutoka mjini hadi Bububu.

Asidhani mtu kuwa hii ndefu ni ya bara. Ilizaliwa kisiwani kama sisi, katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, Februari 1978. John Collins, afisa wa jeshi la majini la Marekani, na mkewe Judy, waliyaunganisha mashindano matatu yaliyokuwapo tayari: ya kuogelea Waikiki, ya baiskeli ya kuzunguka kisiwa, na marathoni ya Honolulu. Mzunguko wa baiskeli ulizidi kidogo, ukakatwa kilomita tano hivi ili mwisho wake uangukie pale pale inapoanzia marathoni. Yeyote aliyewahi kuitupa silabi moja ili mizani itimie atamwelewa bwana yule. Walianza watu 15, wakamaliza 12. Wa kwanza, Gordon Haller, alitumia saa 11 na dakika 46. Wa pili, John Dunbar, wasaidizi wake waliishiwa maji njiani wakawa wanamnywesha bia. Sina la kuongeza hapo.

Lakini mimi sikuingia humo kwa mapenzi ya michezo. Niliingia kwa sababu sikujua kuogelea.

Nimezaliwa Wete. Wageni hudhani kila mtoto wa kisiwani huzaliwa na mapezi. Sisi tulikoga katika maji ya magotini na kuchokoa pweza maji yakipwa. Wavuvi wetu wenyewe, wengi wao, waliijua bahari kwa chombo, si kwa kifua. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba, imejaa kupita kiasi, ilizama katika mkondo wa Nungwi. Kaka yangu alikuwamo. Waliookoka, wengi wao walishikilia magodoro. Kaka hatukumpata, hai wala maiti. Mama akatoa amri moja, na tangu siku hiyo hakuna aliyeivunja: asipande meli mtoto wake mwingine. Nikawa naenda kumtazama kwa ndege ndogo hadi Chake, na kila inapopita juu ya Nungwi nafumba macho.

Simdanganyi msomaji. Hata lau kaka angalijua kuogelea, katika mkondo ule, usiku ule, sijui kama angalifika popote. Nilijua hivyo wakati ule na najua hivyo leo. Hata hivyo, mwaka 2013, nikiwa na miaka 46, niliingia majini.

Mwalimu sikuwa naye. Ushairi nilijifunza bila ya mwalimu, kwa kuhesabu vidole chini ya meza ya duka la baba. Kiingereza nilijifunza kwa kamusi iliyonyofoka kurasa za mwisho, ndiyo maana kwa miaka mingi maneno yaanzayo kwa herufi za mwisho yalinitia tabu. Kitabu cha kuogelea nilikipata kwa muuza vitabu vikuukuu pale Darajani, nikakifanya kama nikifanyavyo kitabu chochote: nikaanza kukitafsiri. Kulikuwa na neno moja la kukieleza kile kitendo cha kiganja kuingia majini na kuyapata maji kabla ya kuyavuta. Nilijaribu "kukamata", nikajaribu "kudaka". Nikamsomea mjomba wangu, ambaye ni mvuvi wa ngalawa. Akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, maji hayadakwi. Kasia ukilitia pole linashika. Ukilipiga, unatoa povu tu."

Nikaandika "kushika", na wiki ile ile mkono ukaanza kushika.

Kosa langu kubwa lilikuwa kichwa. Nilikiinua kama kobe, kwa hofu, na kichwa kikipanda miguu huzama. La pili lilikuwa pumzi: nilikuwa nikiizuia. Kitabu kilisema pumzi itolewe ndani ya maji, kidogo kidogo, ili uso ukigeuka ubakiwe na kazi moja tu, ya kuvuta. Niliitafsiri sentensi hiyo bila ya taabu, na nikakaa miezi minne bila ya kuithubutu. Mtu aliyefiwa na bahari hataki kutoa pumzi ndani yake.

Kilichonikwamua ni utenzi. Nilikuwa na tungo niliyoianza kwa ajili ya kaka, ikanikalia kooni ilipofika beti 61. Siku moja, pale Mazizini, nikaanza kuyanung'unikia maji tungo hiyo: kila mkono silabi moja, mizani nane mikono minane, mishororo minne mikono 32. Silabi ya kwanza nanung'unika, ya pili nageuza uso na kuvuta. Anayenung'unika hawezi kuzuia pumzi, jaribu utaona. Na mwisho wa ubeti, kwenye kile kina ambacho wajuzi wetu wamekiita bahari, nainua macho mara moja kutazama niendako. Istiara hiyo sikuipanga na wala siidai, ndivyo mkono ulivyoangukia.

Ubeti mmoja ulinipeleka mita 25 hivi. Kwa hesabu hiyo kilomita 3.8 ni beti 150 na ushei, nami nilikuwa na 61. Ningeweza kurudia zile zile, na mwanzoni nilirudia. Lakini mtu akimsema marehemu wake kwa maneno yale yale kila asubuhi, maneno huchujuka. Basi ikanibidi nitunge. Beti zilizokataa kuja mezani kwa miaka miwili zilikuja majini, mbili kwa wiki, tatu kwa wiki. Nilichagua siku za maji mafu, kwani bamvua huondoka na mtu. Mjomba alinifuata na ngalawa yake, akivuta kasia kwa uvivu na kunionya yavuyavu wakiwa wengi. Mkono wangu ukisita katikati ya mshororo alijua, akanyamaza, akangoja nipate kina.

Ya nchi kavu nitayapitisha haraka. Baiskeli niliinunua kwa mgeni aliyekuwa akiondoka, na bei yake, pamoja na ada ya mashindano, siitaji hapa kwa kumstahi mke wangu, ambaye paa letu linavuja. Alisema neno moja tu: "Mama akijua, mimi simo." Asubuhi za Jumapili nilikwenda Nungwi na kurudi, kilomita zipatazo 115, kaskazi ikinisukuma kifuani wakati wa kwenda na kunibeba wakati wa kurudi. Siku nyingine nilikwenda Makunduchi kwa njia ya Jozani, ambako kima punju huvuka barabara bila ya kutazama huku wala huku. Mwezi wa Ramadhani nilikimbia baada ya tarawehe, Mizingani hadi Mtoni na kurudi, nikafika nyumbani wenzangu wakijiandaa kwa daku.

Jambo moja ambalo kitabu hakikunifunza barabara nilifunzwa na mama mwenye duka Kinyasini. Mwili una akiba ya sukari katika misuli na ini, na akiba hiyo haitoshi siku nzima; asiyekula njiani huzimika kama karabai. Nilizimika mbele ya duka lake. Miguu ilikataa, nikakaa chini na ulimwengu ukawa mbali. Alinipa dafu, akanipa boflo na kijiko cha chumvi, akasimama juu yangu mikono kiunoni.

"Baba, kwenu hakuna mtu?"

Tangu siku hiyo nilitia tende na chumvi mfukoni, na kula kila nusu saa, nitake nisitake.

Mashindano yalikuwa mwanzoni mwa Aprili 2017, Afrika Kusini, katika mji ambao wakati huo uliitwa Port Elizabeth na tangu 2021 unaitwa Gqeberha. Sheria yake ni ya saa: maji yaishe ndani ya saa 2 na dakika 20, baiskeli iishe saa 10 na nusu tangu kuanza, yote yaishe saa 17. Anayechelewa kokote huondolewa, hata awe mzima kama kengele.

Tulisimama pwani ya Hobie Beach kabla jua halijapanda, tumevaa mavazi ya mpira mwili mzima kwa ajili ya baridi ya maji yale. Mimi niliyelelewa na maji ya uvuguvugu, baridi ilinigonga kifuani, na lile vazi likanibana mbavu. Pumzi ikaziba kama mwaka wa kwanza. Watu walinipita kushoto na kulia. Nikajilaza chali, nikasoma Bismillahi, nikageuka, nikaanza ubeti wa kwanza kama anayemfundisha mtoto kusoma. Karibu na ubeti wa arubaini nilipigwa teke, miwani ikapanda hadi kwenye paji. Nikairudisha na kuendelea nilipoachia. Njia yangu haikunyooka, kwa hiyo beti 150 zilikwisha nami bado nimo majini. Nikarudia za mwanzo, zile nilizoziandika mezani mwaka 2011. Zilinishangaza. Zilikuwa zimejaa vilio, na jina la kaka halikuwamo hata mara moja.

Nilitoka kwa saa 1 na dakika 54. Nikakaa mchangani. Msimamizi mmoja akaja kuniuliza kama ninaumwa. Nilikuwa nalia, na mimi, mfasiri, sikupata Kiingereza cha kumweleza.

Baiskeli ilikuwa mizunguko miwili ya pwani ile, na milima ambayo Unguja haikunifunza. Mzunguko wa kwanza ulikwenda vyema. Katika wa pili upepo uligeuka ukawa wa uso, kisha tairi la nyuma likapata pancha. Fundi wetu wa mtaani hubadili mpira huku akisimulia habari za mpira wa miguu. Mimi, kwa mikono iliyokuwa ikitetemeka, nilitumia dakika 20. Katika kilomita kumi za mwisho nilikwisha kufanya hesabu, maana anayehesabu mizani hawezi kuacha kuhesabu hata inapomdhuru. Nilifika saa 10 na dakika 41 tangu kuanza. Dakika 11 zilikuwa zimenizidi.

Mama mmoja aliyekuwa akingoja pale, mtu wa makamo, aliniita "Tata", neno la Kixhosa la kumwita mtu wa umri wa baba. Akapiga magoti, akanifungua kile kifaa cha kuhesabia muda kifundoni, taratibu, kama anayemvua mtoto kiatu. Miguu ilikuwa bado na nguvu. Hilo ndilo lililoniuma, na linaniuma hadi leo. Nisisingizie kuwa nililipokea kwa moyo mkunjufu.

Usiku nilikwenda kuwatazama wa mwisho wakiingia. Kabla ya hapo nilipenda kukisimulia kisa cha Julie Moss, ambaye Februari 1982, huko Hawaii, aliyekuwa akiongoza wanawake wote aliishiwa nguvu karibu kabisa na mwisho, akapitwa, akatambaa mpaka akaugusa mstari, wa pili kwa sekunde 29. Usiku ule sikukikumbuka. Nilimtazama mzee aliyeingia zikiwa zimebaki dakika chache kutimia saa 17, amepinda upande mmoja kama mnazi wa pwani, nikamwonea wivu mtupu.

Barazani waliniuliza nilikuwa wa ngapi. Nikawaambia sikuhesabiwa. Wakacheka, mmoja akanisogezea kahawa, mazungumzo yakarejea kwenye bei ya sukari.

Wiki ya pili baada ya kurudi nilikata tiketi ya meli ya usiku kwenda Mkoani. Mke wangu hakusema kitu. Alinifungia mkate wa kumimina na akaniuliza mara mbili kama simu ina chaji. Nilikaa juu, nje, upande wa kulia. Taa za Nungwi zilikuja, zikakaa kwa muda, zikaanza kurudi nyuma. Chombo kilipoanza kuyumba mkondoni, abiria mmoja karibu yangu akaanza kusoma Yasini kwa sauti ya chini. Nilishika chuma cha ukingo na kuanza ubeti wa 62, ule wa kwanza nilioutunga majini, ambao una jina lake.

Nilifika Wete kwa daladala asubuhi. Mama alikuwa uani anapepeta mchele. Habari za mashindano alikwisha kuzipata, sijui kwa nani, na hakuziuliza.

"Umekuja kwa chombo gani?"

"Kwa meli, mama."

Ungo ulisimama. Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kama anayekagua kitu kilichoazimwa na mtu na sasa kimerudishwa. Kisha akaupepeta tena.

"Chai imo kwenye chupa," akasema. "Kanawe hiyo chumvi usoni."