Wasia si Uchuro



Mwezi uliopita nyumba yetu ilipata mtihani. Ahali yetu alihisi kijiwe kigumu katika titi la kushoto. Akapigwa picha, kinyama kidogo kikatolewa na kupelekwa maabara, na majibu yakarudi kwamba ni saratani. Daktari ameshauri titi liondolewe pamoja na baadhi ya tezi za kwapani, na upasuaji ni Jumanne ijayo, inshaallah. Tunayaandika haya kwa idhini yake, naye ndiye aliyetaka yaandikwe.

Jamaa walikuja kwa wingi kutupa pole, na tunawashukuru. Lakini walipotukuta na kalamu na karatasi tukiandika wasia wake, shangazi yake alishika kichwa. "Wanangu, mbona mnajiletea uchuro? Mtu anakwenda kutibiwa, nyinyi mnamwandalia mauti!"

Hofu hiyo tunaielewa, kwani ni ya mapenzi. Hata hivyo, haina msingi katika dini yetu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Muislamu mwenye kitu cha kuusia haifai alale siku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa, na fundisho hilo linawahusu wazima kama wagonjwa. Saad bin Abi Waqqas (r.a.) aliugua Makka mwaka wa Hija ya Kuaga hata akadhani ndio mwisho wake. Mtume alipomzuru, Saad alimuuliza habari ya mali yake, akitaka kutoa theluthi mbili. Mtume alimkataza hadi wakafika theluthi moja, nayo akaihesabu kuwa ni nyingi. Baada ya mazungumzo hayo ya wasia, Saad aliishi zaidi ya miaka 40, akaongoza jeshi la Waislamu huko Qadisiyya.

Ahali yetu hana majumba wala mashamba. Lakini tulipoketi kuandika, yalitoka mambo mazito. Sandukuni mwake mna bangili mbili za dhahabu ambazo ni amana ya jirani. Katika mchezo wa wanawake wenzake alikwisha pokea zamu yake, na bado anadaiwa michango minne. Ana saumu sita za Ramadhani hajazilipa. Na yuko binti tuliyemlea tangu uchanga, ambaye kisheria si mrithi. Hawezi kupata kitu ila kwa wasia, ndani ya theluthi. Lau haya yangebaki moyoni mwake, bangili za watu zingegawiwa warithi, na binti huyo angetoka mikono mitupu, nasi tukidhani tumetenda haki.

Tuliandika yote, wakashuhudia watu wawili waadilifu wasio warithi, na nakala moja ikawekwa kwa kaka yake. Usiku ule ndio wa kwanza, tangu siku ya majibu, aliolala hadi adhana ya alfajiri.

Maandalizi ya hospitali nayo ni sehemu ya tawakkul. Amemtajia daktari kila dawa anayotumia, hata habasoda na miti shamba. Ameisoma fomu ya ridhaa kabla ya kutia sahihi. Ameacha kutia hina na piko vidoleni, maana kifaa cha kupimia oksijeni hubanwa kwenye ncha ya kidole, na rangi yaweza kukipotosha. Ama Swala, ataswali awezavyo: akishindwa kusimama, ataketi, akishindwa kuketi, atalala ubavu, kama Mtume alivyomwelekeza Imran bin Husayn (r.a.).

Mama zetu na dada zetu, mkihisi kijiwe msingoje maumivu, kwani mara nyingi hakiumi. Nendeni mkapimwe. Na mlio wazima, ulizeni leo ni amana za nani zilizomo sandukuni mwenu, kisha chukueni kalamu.

Jumanne tukumbukeni kwa dua. Allah awaponye wagonjwa wetu wote, Amin.

Wabillahi tawfiq.